Barafu za Mbwa na Ndoa ya Wema

Mwaka mmoja umekatika, Baba Wema, tangu tukulaze kwenye makaburi ya Inver Grove Heights na kurudi nyumbani Eagan kupokea watu. Nimeambiwa niandike maneno ya kumbukumbu kwa sababu mimi ndiye mkeo. Wengine huandika kuhusu taa iliyozimika na pengo lisilozibika. Wewe hukuyapenda maneno hayo, na mimi siyawezi. Nitaandika yaliyotokea.

Ulizaliwa Machame, ukaja Minnesota kusoma, ukabaki huku ukafanya kazi ya uhasibu. Ulikuwa mtu wa taratibu zako. Ulipiga pasi mashati yako mwenyewe. Kanisani uliimba besi nje kabisa ya wimbo, na kwaya nzima ilikuvumilia kwa upendo. Hukuwahi kupandisha sauti ndani ya nyumba hii, hata nilipokuwa nimeitafuta sauti hiyo kwa bidii.

Ila ulikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa. Hukuweza kusema uongo, hata ule mdogo wa kumsitiri mtu. Mama mchungaji alipokuuliza kama gauni lake jipya limempendeza, ulilitazama kwanza, ukafikiri, halafu ukamjibu. Mimi ndiye niliyekwenda kuomba msamaha. Nilipokufokea ukasema, "Msema kweli mpenzi wa Mungu." Nikakwambia sawa, kaa na Mungu wako, mimi nina watu wa kuishi nao.

Mbwa naye lazima nimtaje, maana bila yeye hakuna habari. Jirani yetu, mzee wa Kizungu, alipohamia kwenye nyumba ya wazee alikuachia labrado lake nene. Hukuniuliza. Ukalipa jina Mchuzi kwa sababu ya rangi yake. Daktari wa wanyama akasema biskuti basi, apunguze mwili, na wakati wa joto apewe kitu cha kumpoza. Ukarudi nyumbani ukasema utamtengenezea barafu za matunda.

Nikadhani nimesikia vibaya. Kwetu mbwa hula makombo na hushukuru. "Baba Wema," nikasema, "watu wakijua mbwa wa nyumba hii anatengenezewa barafu, watatucheka mpaka Moshi mjini." Ukanijibu, "Wacheke. Anahema." Mjadala ukaishia hapo.

Kila Jumamosi ulisimama jikoni kwangu umevaa aproni yangu. Ulimenya ndizi. Ulikata tikiti maji ukatoa mbegu moja moja, ukatoa kokwa za epo, ukaosha stroberi. Vyote ukavisaga kwenye blenda pamoja na mtindi kidogo usio na sukari. Zabibu hukuweka kamwe, maana daktari alikwambia zinaharibu figo za mbwa. Erick mwanao alipoacha zabibu mezani siku moja, ulimhubiria kwa Kiswahili naye akawa anaitikia "Okay, Dad, okay" mpaka mahubiri yakaisha.

Na kwa kuwa barafu uliyoizoea tangu utotoni ni ile ya kwenye kifuko, hukutumia trei wala vikombe kama wafanyavyo Wamarekani. Ulimiminia kwenye vile vifuko vyembamba vya nailoni, virefu, vya barafu wanazonunua watoto wa shule. Ukafunga fundo, ukavipanga kwenye friza, nyekundu huku, njano kule. Ukitaka kumpa mbwa ulipasua kifuko, ukaminya barafu kwenye bakuli lake, ukatupa nailoni. Vifuko havikupatikana huku, kwa hiyo ulimwagiza dada yako Keziah, ambaye alikuwa anakuja kututembelea. Alivileta ndani ya sanduku kutoka Machame. Hakuuliza barafu ni za nani. Angeulizaje? Barafu huliwa na watu.

Keziah alikuja kwa sababu ya Wema. Binti yetu alikuwa anaposwa na Alvin, kijana wa Kikisii kutoka Kenya. Mama yake, Mama Kerubo, alikuwa ameshampenda Wema na kumwita binti. Baba yake alikuwa amefariki, hivyo neno la mwisho lilikuwa la baba yake mkubwa, Mzee Alfred, muuguzi wa huku huku Minnesota. Huyo alitaka Alvin aoe kwao Kisii. Alvin mwenyewe alituonya kwamba mzee anakuja Eagan kutafuta sababu ya kusema hapana. Wema hakula vizuri wiki nzima. Nilimkuta bafuni analia huku amefungulia maji ili tusisikie. Alimpenda yule kijana, na hakutaka kuolewa bila baraka ya wazee wa pande zote mbili. Hilo ulimfundisha wewe.

Siku yenyewe wageni walifika mapema kuliko walivyosema, jambo ambalo Mtanzania hajajiandaa nalo hata siku moja. Wewe ulikuwa umempeleka mbwa kwa jirani mwingine, maana Mama Kerubo anaogopa mbwa. Mimi nilikuwa chumbani namfunga Wema kilemba. Soda zilikuwa bado kwenye buti la gari, zinachemka kwa jua la Julai, na kiyoyozi kilikuwa kimegoma tangu asubuhi. Sebuleni alikuwepo Keziah peke yake na wageni: Alvin, Mama Kerubo na wazee waliovaa suti, wanajifuta jasho.

Wifi yangu hawezi kumwacha mgeni mdomo mtupu. Alifungua friza akaona barafu safi, za rangi rangi, zimefungwa kwa vifuko alivyovibeba mwenyewe. Akazipanga kwenye sinia langu la maua, akaweka na vitambaa vya karatasi. Akapiga goti akawakaribisha.

Nilipotoka na Wema nilikuta wazee wa Kikisii wameng'ata ncha za vifuko wananyonya kwa utulivu mkubwa. Keziah akaninong'oneza, "Wifi, wamezipenda kweli! Ila mngeongeza sukari." Wakati huo huo nawe ukaingia kwa mlango wa nyuma. Ukasimama ukatazama sinia.

Mzee Alfred alikuwa ameanza ya tatu. Uso ule ambao Alvin alitutishia nao ulikuwa umelainika.

"Mimi niko na kisukari," akasema. "Kila nyumba nikienda napewa soda, napewa keki, nakaa tu nikiangalia wengine. Hapa mmenifikiria, mkanitengenezea kitu haina sukari. Sasa watu kama hao mimi nitawaambia nini? Wacha tuongee ile maneno imetuleta."

Alvin akashusha pumzi. Wema alinishika mkono, akaubana. Ilikuwa imekwisha, Baba Wema. Ilikuwa imekwisha vizuri, ulichotakiwa kufanya ni kukaa tu.

"Lakini niambie," mzee akakugeukia, "nani alikuambia niko na kisukari?"

Nilikutazama kwa macho yale ambayo mke humtazama mumewe mbele za watu. Wema alitikisa kichwa polepole. "Baba, please," akasema, kwa sauti ya chini.

"Hakuna aliyeniambia, mzee," ukajibu. "Sikujua. Barafu hizo nilimtengenezea mbwa."

Keziah ndiye aliyetangulia. "Mbwa gani?" akauliza, utadhani kuna mbwa ambaye angefanya jambo hilo liwe na nafuu. Mama Kerubo akaweka kifuko chake chini taratibu, akasema, "Haki ya Mungu." Mzee Alfred alikuwa na kipande mdomoni. Nilimwona anafikiria akimeze au asikimeze. Alikimeza.

"Ni safi," ukaendelea, maana kukoma hukujua. "Matunda yote nimeosha. Hata zabibu sikuweka."

Mzee akasimama, akachukua kofia yake. "Tutarudi," akasema, "ama hatutarudi." Wakaondoka wote. Pilau langu la kulisha ukumbi mzima likabaki jikoni, na Wema akavua kile kilemba akakitupa sakafuni.

Nilikusema siku hiyo, sitaki kuficha. Nilikwambia neno moja tu lingetosha, asante mzee, karibu tena, na binti yako angepata nyumba yake. Ukanijibu, "Angemchukua mwanangu kwa wema ambao sikumtendea. Siku akija kujua, angelipa nani? Wema." Nikakwambia una majibu mazuri na huna mkwe. Binti yako akahamia kwa rafiki yake Peris kule Richfield, akawa hapokei simu yako. Ulimpigia kila siku ukaacha ujumbe ule ule: "Mwanangu, ni baba. Umekula?" Uliumia. Nilikuona ukiumia na bado nilikuwa nimekasirika.

Jumamosi moja kengele ikalia. Mzee Alfred, peke yake, amevaa sare ya uuguzi, ametoka zamu. Alipita mpaka jikoni akavuta kiti.

"Zile za mbwa zimebaki?" akauliza.

Ukafungua friza. Akang'ata ncha, akanyonya ya ndizi mpaka ikaisha, ndipo akasema.

"Mimi nadanganywa kutoka asubuhi. Mgonjwa anasema amemeza dawa, naipata chini ya mto. Watoto wake wanasema watakuja kesho. Hata huyu Alvin aliniambia nyinyi hamna mbwa." Akakutazama. "Wewe ulikuwa umeshanipata mkononi, na ukaniachilia. Nimefikiria sana hiyo maneno. Hawa watoto waoane. Septemba ya mwaka ujao, kabla baridi haijaanza."

Ukasema asante. Halafu, kama ilivyo desturi yako, ukamweleza kwamba ile ya ndizi ina sukari yake ya asili, asizidishe. Akacheka mpaka akakohoa. Wema akarudi nyumbani jioni ile, akakukumbatia pale pale mlangoni, mbwa akiwapitia katikati ya miguu.

Machi ulianza kulalamika tumbo. Ilikuwa kansa ya kongosho. Daktari alizungumza nawe kwa asilimia na dawa za kujaribu, na sisi tukazishika zile asilimia tukazikuza. Wewe hukuuliza kama utapona. Uliuliza jambo moja tu, kwa kila aliyeingia: "Nitaifikia Septemba?"

Mchungaji akasema kwa jina la Yesu utaifikia. Keziah akasema kwenye simu kwamba ameshashona gauni, utamwona nalo. Erick akasema, "You'll be fine, Dad." Mimi nilikwambia utaifikia na utacheza. Tulikuwa tunakupenda, ndiyo maana tulisema hivyo. Kila ukijibiwa uligeukia ukutani, nami nikadhani umechoka.

Kisha akaja Mzee Alfred. Alikupima mapigo bila kuombwa, akakutazama macho, akavuta kiti karibu na kitanda. Ukamwuliza swali lako.

"Hapana, mzee mwenzangu," akasema. "Mimi nimekaa na wagonjwa miaka mingi. Septemba hutaifikia. Juni yenyewe sijui."

Nilitaka kumtoa nje. Nilisimama kabisa. Lakini wewe ulimshika mkono, na uso wako ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu Machi. "Asante," ukamwambia. "Sasa nimejua pa kuanzia." Ukaniomba simu, ukampigia Wema. "Mwanangu, ni baba. Harusi ni Jumamosi hii. Mwambie Alvin atafute suti."

Tukaifanya hapa hapa sebuleni, katikati ya Mei. Viti tuliazima kanisani. Mama Kerubo na mimi tulipika tangu alfajiri bila kuzungumza sana, kwa kuwa tungezungumza tungelia. Gauni la Wema lilikuwa la kuazima, limebanwa mgongoni kwa pini. Wewe ulikaa kwenye kiti cha mbele umevaa suti iliyokuwa imekuzidi. Mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Mzee Alfred akakupitishia mkono kwapani, kwa nyuma, ili watu wasione. Ukasimama.

"Mimi baba yake," ukajibu. Sauti ilisikika mpaka jikoni.

Juni ukaenda. Mchuzi anakaa Richfield kwa Wema na Alvin, ni mzima, na mimi sina hamu naye. Wewe nina hamu nawe. Kitanda ni kikubwa na hakuna wa kubishana naye.

Septemba ilipofika nilikaa sebuleni peke yangu siku ile iliyokuwa imepangwa. Nilihesabu wote tuliokwambia utaifikia, na mimi nikiwa wa kwanza. Kwa mapenzi yetu yote, tungekubembeleza mpaka kaburini, na Wema angeolewa pasipo baba wa kumtoa. Mtu mmoja tu alikuheshimu kiasi cha kukwambia ukweli, na ndiye aliyekusimamisha.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Verediana, wanao Wema na Erick, mkweo Alvin, dada yako Keziah na ukoo wote wa Machame, Mama Kerubo, na Mzee Alfred, ambaye ameniomba nimwandike hapa kama ndugu yako.

Hatujakusahau, Baba Wema, na hatutakusahau. Hili ni kweli.