Banda la Kusubiria Mtumbwi

Mchumba wangu Rehema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Bibi yako, mke wangu, mzima, mpunga wa Tindiga umestawi, na mimi bado ndiye mwanamume mzuri kuliko wote Kilosa.

Unaniuliza mimi, fundi niliyeishia darasa la tano, jengo unalochora la abiria wa kivuko lipoe vipi bila mashine za baridi? Hujakosea mlango!

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mabati yakajaa madukani, mama yake bibi yako alikuwa amenikataa. Nikajenga banda la kusubiria mtumbwi, bati juu, bati pande zote, ili anione mtu. Kuku aliingia kutaga, akaacha yai la kuchemsha! Mama huyo akaingia kusubiri mtumbwi, akatoka analowa jasho.

"Mwanangu ndiyo utamwoka hivi?"

Akavuka kwenda sokoni. Huku nyuma nikang'oa mabati ya upande wa mtoni, juu nikaezeka nyasi. Aliporudi akaketi humo apumzike, upepo wa maji ukampata, akasinzia. Wenzake wakamwita waondoke.

"Tangulieni," akasema bila kufumbua macho. "Nipo kwa mkwe wangu."

Kabla hujachora ukuta, mchumba, kaa kwanza hapo gatini, usikie upepo unatokea wapi.

Babu yako, mjomba wa mama yako