Mgongo wa Shangazi

Maparoni

Dada Mwajuma, shikamoo. Habari ya kufariki Shangazi umeshaipata kwa simu. Hili hawakukwambia.

Juzi mgongo ulimtesa, kazi ya mpunga hiyo. Nikataka kumfundisha yoga, mazoezi yale yaliyoniinua mimi nilipopunguzwa kazi kiwandani, mpaka nami nikawa nafundisha. Wanafunzi wangu wote naanza nao kwa pumzi, si kwa kujipinda. Nikamlaza chali mkekani, akafumba macho. Majirani wakanifokea: "We Zuhura! Hivyo hulazwa maiti!"

"Mwacheni. Leo napumua vizuri," Shangazi akasema, akasinzia.

Jana alfajiri, roho imeshamtoka, majirani walewale wakaniita tumlaze. Nikamnyoosha mikono, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Vuta pumzi, taratibu." Hakuna aliyenifokea.

Mkande Mama mgongo, dada, maadamu bado unamuuma.

Mdogo wako,
Zuhura