Bastola ya Kukataliwa

Washington,
Jumapili, 22 Februari 2009

Kwako Dada Loretta,

Nisamehe kwanza, ndipo usome. Barua yako niliipata kabla ya Krismasi na leo Februari inaelekea ukingoni. Hii nimeianza mara mbili. Ya kwanza Quincy aliimwagia maziwa, ya pili niliichana mwenyewe kwa sababu ilikuwa imejaa uongo. Sikukaa kimya kwa kukosa nafasi, dada. Nilikuwa na aibu.

Mama anaendeleaje na goti lake? Natumaini huko Rocky Mount baridi haiwatesi kama hapa kwetu. Mwambie picha za wajukuu zinakuja, asininunie. Na wewe kifua chako, umekwenda kupima au unaendelea kunywa chai ya limau na kusema kitapita? Sisi ni wazima kwa miili. Quincy anaota meno na analia kama aliyeajiriwa kulia. Kiara ana miaka minne sasa na ana maswali kuliko mwalimu wa shule ya Jumapili. Vaughn bado yuko kwenye gereji ya mabasi, zamu ya alfajiri. Mimi nalala nikisimama.

Niliwaambia kwa simu kuwa tulivunjiwa nyumba na mwizi Oktoba, lakini sikuwaambia vizuri. Ilikuwa mchana. Nilikuwa namweka mtoto begani acheue, Kiara ameshika gauni langu, mara mlango wa chini ukafunguka na mwanamume akapanda ngazi hadi jikoni. Alikuwa na keekee ya Vaughn mkononi, ile ya kutobolea mbao. Tulitazamana, akasema, "Samahani, bibi," akatoka na keekee yake kwa mlango wa mbele kama fundi aliyemaliza kazi. Sikupiga kelele. Nilibaki nimesimama pale mpaka Kiara akaniuliza kama yule mjomba atarudi.

Tangu siku hiyo Vaughn akasema lazima awe na bastola. Mnajua kiangazi kilichopita mahakama ya juu kabisa ya nchi ilifuta marufuku ya bastola ya hapa jijini, ila jiji nalo halikulala. Likaleta usajili wake: alama za vidole, kupimwa macho, mtihani wa maswali, halafu orodha ya bastola zinazoruhusiwa. Bastola isiyokuwa kwenye orodha haisajiliwi, hata uwe mtakatifu. Shemasi Odell wa kanisani ndiye aliyempeleka Vaughn kwa wakili mmoja, Bwana Feldkamp, anayetaka kuivunja orodha hiyo mahakamani. Na wakili akaeleza kwamba huwezi kushtaki mpaka ukataliwe. Kwa hiyo, dada, mume wangu alianza kutafuta bastola kama mtu anayetafuta shati la kwenda kurudisha dukani.

Na si ya kukataliwa tu. Wakili alisema ukileta dude la kutisha, jaji atashika upande wa jiji. Inatakiwa ile ya kawaida kabisa, ambayo hata mwalimu mstaafu angeiweka kwenye droo, ila isiwe kwenye orodha. Wakahangaika wiki tatu. Aliyeipata ni Corinne Tibbs.

Huyu Corinne ndiye kiini cha barua. Ni nesi wa chumba cha upasuaji, hajaolewa, baba yake alikuwa mwanajeshi na alimfundisha silaha tangu akiwa na meno ya utoto. Naye ni mlalamikaji kwenye kesi. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kuna bastola moja nyeusi iliyomo kwenye orodha, na kuna pacha wake, kiwanda kilekile, risasi zilezile, ila sehemu ya juu ni ya rangi ya fedha, na huyo hayumo. Kosa lake ni rangi. Wakili karibu ambusu. Wakakubaliana yeye na Vaughn waombe kusajili ile yenye fedha, jiji liwakatae, halafu liende kumweleza jaji rangi ya fedha inaua vipi kuliko nyeusi.

Basi kila Jumamosi Vaughn akawa anavuka mto kwenda Virginia kujifunza kulenga shabaha, yeye na Corinne na wakati mwingine Shemasi. Anarudi ananuka baruti na ana kicheko ambacho sijakisikia tangu Quincy azaliwe. Amebeba mabawa ya kuku na mchuzi wake mwekundu, yamepoa, wao walishakula ya moto. Halafu inaanza: Corinne anasema usishike hivi, Corinne anasema vuta pumzi kwanza. Siku moja nikamwambia basi muoe huyo Corinne Anasema. Akacheka, akaniambia eti wewe nawe, Renita, unamwonea wivu nesi mwenye raba? Nikamjibu raba ndizo zinazokimbia haraka.

Alidhani natania. Dada, nilikuwa nanusa mashati yake. Nilikuwa nahesabu dakika kutoka darajani hadi nyumbani. Sikupata kitu hata kimoja, na hilo halikunituliza, lilinikasirisha zaidi.

Lakini lililonichoma siyo la mashati. Mwanzoni wakili alinitaka mimi. Mimi ndiye niliyekuwa ndani siku ile. Baadaye akafikiri, akasema kwa upole kwamba mama mwenye mtoto wa kunyonya ataulizwa na mawakili wa jiji kwa nini analeta silaha karibu na watoto, afadhali asimame baba. Nikakubali. Januari wakafanya mkutano na mwandishi wa gazeti kwenye ukumbi wa kanisa. Vaughn akaanza kueleza habari ya yule mwizi, maneno yakamwishia, si unamjua. Corinne akamwambia tulia kaka, niachie. Akaieleza yeye. Ngazi, mlango, mtoto begani. Alipofika kwenye "samahani, bibi" akanyamaza kidogo, na wanawake wa kwaya wakashika vifua. Mimi nimekaa nyuma kabisa, Quincy ananyonya chini ya shali, nasikia woga wangu ukitoka kwenye mdomo wa mwanamke mwingine, tena ukitoka vizuri kuliko ningeutoa mimi. Mama mmoja mbele yangu akasema, "Masikini huyu dada, kapitia mengi." Alimaanisha Corinne.

Picha ikatoka gazetini, Vaughn na Corinne kwenye ngazi za kanisa. Vaughn akaibandika kwenye jokofu.

Wiki mbili zilizopita majibu ya polisi yakaja. Corinne alikataliwa. Alitupigia simu akishangilia kama aliyefaulu mtihani. Barua ya Vaughn ikafika siku iliyofuata, naye alikubaliwa. Imesajiliwa, aende kuichukua. Bwana Feldkamp akasema kwenye simu kwamba aliyepewa hana cha kushtaki. Wakamtoa kwenye kesi. Vaughn akalaani duka la Virginia tulikoiagiza, akasema wamemtumia bastola siyo, imekuja nyeusi tupu. Alikaa kitandani na buti zake bila kuzifungua. Nikamletea supu.

Sasa sikiliza, dada, na usimsomee Mama hapa. Duka halikukosea. Siku ya kuagiza Vaughn alikuwa kazini, akaniomba nipige simu mimi. Aliniambia mara mbili: fedha juu, nyeusi chini. Yule bwana wa dukani akaniuliza rangi. Nilikuwa nimesimama mbele ya jokofu, natazama ile picha. Nikamwambia nyeusi, bwana, yote. Fomu ya polisi nikaijaza mimi vilevile, maana tangu tuoane Vaughn husaini pale nilipoweka alama ya kalamu, hasomi. Nikaweka alama. Akasaini, akanibusu kichwani, akaenda kazini.

Nilitaka atoke kwenye kesi, nipate Jumamosi zangu. Nilifikiria kila kitu isipokuwa kwamba ukipewa ruhusa ya bastola, unaletewa bastola. Ile ya fedha ingekaa kabatini kwa muuzaji miaka na miaka, kesi ikisikilizwa. Hii nyeusi iko chumbani kwangu. Wivu wangu ndio ulioileta.

Aliiweka juu ya kabati la nguo ndani ya boksi la viatu. Alhamisi nilitoka kubadilisha nepi nikakuta kiti kimeegemezwa kabatini na Kiara yuko juu yake na soksi zake, ananyoosha mkono. Vidole vilikuwa vimeshagusa boksi. Sikupiga kelele safari hii pia. Nilimshika kiunoni nikamshusha, tukakaa sakafuni. Akaniambia, mama, nilitaka kuona tu.

Jana nikamwambia Vaughn yote. Aliendelea kutafuna mpaka akamaliza kipande cha mkate, kisha akasema Corinne alishamwambia kwamba maduka hayakosei rangi. Alimwambia siku ileile ya barua, naye akamtetea mke wake. Yaani hata kosa langu, yule mwanamke alilijua kabla sijalisema. Vaughn amelala sebuleni. Asubuhi alimvalisha Kiara mwenyewe kwenda kanisani, hakunitazama, lakini alinijazia kikombe cha kahawa. Sijui hiyo ni nini.

Nimemwambia aende mahakamani kuwasindikiza wenzake, sitanusa shati. Ila risasi nimezitoa na ziko mfukoni mwa aproni yangu, zinagongana nikitembea, na hazitoki humo mpaka kile chuma kiwe na kufuli. Amesema atanunua kufuli. Mlango wa chini anasema atautengeneza tangu Oktoba.

Msalimu shemeji na watoto, na Mama mshikie mkono kwa niaba yangu. Usinijibu kwa simu, Vaughn husikia kila kitu. Niandikie, unikemee kwa maandishi.

Mdogo wako anayekupenda,
Renita Mabry

Ninavyohitaji bado, kama kifurushi mnachotuandalia hakijafungwa: viatu vya Kiara, namba kumi, vya kufunga kamba, mashati ya kulalia ya Quincy yale ya mtoto wako, hata yenye madoa, viazi vitamu vichache vya shambani, lile sanduku la chuma alimokuwa Baba akiweka hati za nyumba, litoe hati, lifute kutu, na funguo zake, zote mbili, kwenye bahasha peke yake, uandike jina langu tu.