Mkono Uliobaki Kwenye Fulana

Mpendwa Shangazi Ernestine,

Naiandikia safu yako ya gazeti nikiwa nimechoka, unisamehe maneno yasiyo na mpangilio, nakuomba msaada maana kanisani siwezi kulisema hili na nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Kendrell, amemaliza shule juzi tu, na kazi yangu ni kuchapa fulana hapa hapa sebuleni, zamani zilikuwa fulana za mikutano ya ukoo na za timu ya shule, lakini wewe unaishi mji huu na unajua sasa zimekuwa fulana za nini. Kijana akipigwa risasi, mama yake ananiletea picha kabla hata hajachagua jeneza, nami nachapa uso wake na mabawa na tarehe, na siku ya maziko mtaa mzima tunamvaa.

Majuzi meya alikuja ukumbi wa kanisa letu akasema mauaji yamepungua kuliko mwaka jana, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, kwa sababu ni kweli, mashine yangu imepumzika kidogo. Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Yamepungua kwa sababu wa kuuawa wamekwisha," na sikuweza kucheka.

Basi yaliyonikuta ni haya. Mwezi wa nne aliuawa Tavion, rafiki wa mwanangu tangu chekechea, mchana kweupe nje ya kituo cha mafuta, na mama yake, Bi Rosetta, akaniletea picha pekee ambayo mwanawe alikuwa anacheka, wamesimama wawili, yeye na Kendrell, nikamkata mwanangu pichani kama ninavyofanya siku zote ili marehemu abaki peke yake, ila mkono wa Kendrell ulikuwa begani kwa Tavion na singeweza kuuondoa bila kuliharibu bega, nikauacha. Mkono huo una tatuu ya jina la marehemu mama yangu, na mji mzima hakuna mwingine mwenye jina hilo. Sikufikiri, Shangazi, nilikuwa nalia huku nachapa. Sasa fulana hizo zimevaliwa madukani, zimevaliwa kanisani, zimewekwa mitandaoni, na vijana wa ng'ambo ya reli, wale wale wanaosemwa kuwa ndio waliomuua, wameandika chini ya picha, "Na huyu mwenye mkono, yuko wapi?"

Nikamwambia Kendrell aende kwa kaka yangu Omaha, mbali huko kwenye mashamba. Akacheka. "Omaha? Mama, nikafanye nini huko, niangalie mahindi yakiota?"

"Mahindi hayampigi mtu risasi," nikamwambia.

Akasema, "Jumamosi tunarusha maputo ya kumkumbuka Tavion, ni siku yake ya kuzaliwa. Bi Rosetta kaniomba nisimame naye. Siwezi kumwacha." Halafu akatoa simu, akanionyesha picha yake ya mahafali, amevaa suti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaagiza soda, "Na Mama, ikitokea, tumia hii. Usitumie ile ya zamani, meno yangu yamepishana."

Sikumpiga, sikulia, nilikwenda jikoni kukaanga kambare. Sasa Bi Rosetta ameagiza fulana nyingine za Jumamosi, picha ile ile, nikikataa ataniuliza sababu, na nikimwambia sababu ni kama namwambia picha ya mwanawe ndiyo inayomwinda wangu, naye hajamaliza kulia. Nichape? Nimfungie mwanangu ndani? Nifanyeje, Shangazi?

Mchapa Fulana,
Brantley Bend, Mississippi

* * *

Mama Mchapa,

Jibu hili naliacha mlangoni kwako leo. Gazetini litatoka kijana akishafika, na majina yote nitakuwa nimeyabadilisha, pamoja na mji wa kaka yako. Kwa hiyo soma, kisha vaa viatu.

Pole. Fulana zako zimejaa kabatini kwangu hadi nguo za sikukuu hazina nafasi, kwa hiyo usidhani nakupa pole ya mdomoni. Na acha kujilaumu kwa ule mkono. Aliyeshika bunduki si wewe.

Lakini nitakugombeza. Mtoto amekuchagulia picha ya maziko yake, wewe ukaenda kukaanga samaki! Yule hakuwa anaagiza fulana. Alikuwa anaogopa, akitafuta mtu mzima wa kumwambia inatosha.

Meya mwache na hesabu zake. Zikipungua nami nitafurahi, ila hazimkingi kijana ambaye mkono wake unajulikana mji mzima.

Sasa isome tena barua yako mwenyewe. Mwanao amekwambia kinachomshikilia hapa: ameombwa na Bi Rosetta. Basi ni Bi Rosetta atakayemwachilia. Unaogopa kumuumiza? Mwenzio amekwisha kuumia. Unadhani angempa nini mtu ambaye angemwonya yeye mwezi wa nne? Nenda kwake leo na fulana moja, weka kidole kwenye ule mkono, umwambie: "Huyu ni Kendrell. Wanamtafuta. Mwambie aende." Usizunguke mbuyu. Atalia, pengine atakufokea, kisha atampigia simu. Kijana wako anaweza kukukatalia wewe, lakini hatamkatalia Bi Rosetta.

Picha ile usiichape tena. Kwa Jumamosi chapa jina la Tavion tu, linatosha, wote tunaukumbuka uso wake. Kaka yako aje na gari amchukue kabla ya siku hiyo, asipande basi hapa mjini, na asiage mtandaoni. Puto lake atalirusha huko huko kwenye mahindi. Yale maneno yaliyoandikwa chini ya picha yapeleke polisi. Najua, najua, mji huu anayekwenda polisi hupewa jina baya. Nenda na mchungaji, mpewe wote.

Na ile picha ya suti, ifute mbele yake, akuone. Mwambie akifika akutumie nyingine. Hiyo usiikate popote.

Shangazi Ernestine