Nyuma ya Jiwe Hakukuwa na Upepo

Mama yangu,

Nakusalimu kwanza. Mguu wako je, uvimbe umeshuka? Na mto umerudi mahali pake, au bado unalamba migomba yetu ya chini? Bibi, Hawe wetu, bado anagombana na kila anayempikia uji? Mimi mwili wangu ni mzima, sina homa, nakula. Moyo ndio hauko sawa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa. Jumapili uliponipigia uliuliza mara tatu, "Kadzo, uko hapo?" Nilikuwapo. Machozi yalikuwa yananitoka, nikakwambia mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Mama.

Huku Taita tuko wanane tunaojifunza kurusha droni, ile ndege ndogo yenye kamera niliyokuonyesha picha yake. Tunapiga picha miteremko iliyopasuka, ili watu wenye nyumba chini yake waambiwe wahame kabla mvua haijaangusha udongo. Kutoka Tana River tumo wawili tu, mimi na Halima, binti wa wafugaji wa Bangale. Tunalala chumba kimoja. Yeye hunitania, "Wewe mtu wa mihogo, hebu ongea kidogo, hata mbuzi wetu wanakushinda." Nami humwambia kwamba mihogo yetu angalau haipotei porini. Ni yeye peke yake huku ninayeweza kumjibu hivyo.

Msimamizi wetu anaitwa Bwana Mwakio. Ana amri moja asiyoilegeza. Huruhusiwi kurusha kabla ya kupima upepo kwa kipimo cha mkononi, na unapima ukiwa umesimama ukingoni, mahali palipo wazi. Anayerusha bila kupima, au akapima akapuuza, anarudi kwao.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Halima, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Tulikuwa juu kabisa, nyuma ya jiwe kubwa kama nyumba. Wenzetu walikuwa mteremko mwingine. Halima akaenda ukingoni kupima, akarudi ameshika mtandio wake usipeperuke.

"Umekuwa mkali," akasema. "Tungoje. Nashuka kuchukua betri nyingine. Shika rimoti, lakini usirushe."

"Mbona hapa kumetulia?"

Akacheka. "Nyinyi wakulima upepo mnaoujua ni ule wa kupepeta mpunga. Tazama miti ya kule ukingoni inavyoinama." Akaenda zake.

Mama, unanijua. Watu wakinitazama nakosea hata ninachokijua. Kila zamu yangu ilipofika niliiyumbisha ile ndege mpaka wenzangu wakacheka. Siku hiyo nikajiona niko peke yangu, hakuna jicho hata moja, nikasema moyoni leo nitairusha sawasawa. Kwetu Chara upepo ni mmoja. Ukiinama shambani unaupata, ukisimama juu ya tuta unaupata ule ule. Nyuma ya lile jiwe hata jani halikutikisika. Nikaamini. Nikarusha.

Ilipopanda kupita jiwe tu, upepo ukaichukua. Ikaenda mbio, nami nikafurahi nikidhani ni ustadi wangu. Nilipoigeuza irudi, haikurudi. Kwenye kioo cha rimoti niliona imeelekea kwangu, inahangaika, lakini jiwe letu linazidi kuwa dogo. Betri ikaanza kushuka. Nikaipandisha zaidi nikidhani huko juu itapata nafasi, kumbe huko ndiko upepo ulikokuwa mkali kuliko kote.

Halima alikuja anakimbia. "Ishushe! Ishushe karibu na miti!" Akaninyang'anya rimoti, akaishusha mwenyewe, na kweli chini ikaanza kusogea kidogo kidogo kuja kwetu. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuila betri, iliyobaki haikutosha. Ikaangukia msituni, nyuma ya mlima.

Bwana Mwakio akatokea wakati huo huo, akamkuta Halima na rimoti mkononi.

"Nani karusha?"

Halima akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Nauliza tena. Nani karusha kwa upepo huu?"

Mama, nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Haikutoka hata hewa. Halima alibaki ananitazama.

"Basi," akasema Bwana Mwakio. "Zamu ni yako, rimoti unayo wewe. Sina la kuuliza tena."

Tumeitafuta siku tatu kwenye miiba na ukungu, hatukuiona. Leo Halima ameambiwa kesho asubuhi apande basi. Sasa hivi, mchana huu, yuko hapa kitandani kwake anakunja nguo. Nimemwuliza, "Mbona hukunisema?"

Amenijibu bila kuinua kichwa. "Mdomo unao. Nilikuwa nangoja uutumie."

Kisha akaniambia jambo lililonimaliza kabisa. "Kama unamwandikia mama yako, andika sasa. Kesho kutwa ni siku ya soko, nikipita Garsen nitampa mkononi. Nitamwambia hujakonda." Ndiyo maana naandika, Mama. Naandika barua ambayo Halima ataibeba hadi kwenye meza yako ya ndizi, na hajui ndani yake mna nini.

Kinachonichoma ni kwamba nilijua. Ulinifundisha mwenyewe kwenye mtumbwi, nikiwa bado siwezi kushika vizuri upondo wa kusukumia. Tulikuwa na mashamba mawili, la kupanda mto na la kushuka, nyumba ikiwa katikati, na siku za kubeba ndizi ulichagua daima lile la juu. Nikalia kwamba la chini ni rahisi, maji yanatupeleka yenyewe. Ukasema, "Na jioni, umechoka, mtumbwi umejaa ndizi, nani atakurudisha?" Droni ni hivyo hivyo. Unaanza kwa kuukabili upepo betri ikiwa imejaa, ili upepo ndio ukurudishe. Bwana Mwakio alitufundisha siku ya kwanza, nami nikasema moyoni, hili ni la Mama. Halafu siku ilipofika nikaifuata ile njia rahisi.

Sijui nifanye nini. Ulivyowatangazia watu sokoni kwamba mwanao anarusha ndege! Nikisema, narudi. Nikinyamaza, Halima ndiye anayerudi Bangale, na baba yake ndiye mzee aliyebishana na ukoo mzima ili binti aachiwe kusafiri. Hawatamwachia mara ya pili. Naweka kalamu chini kidogo, Mama. Mkono unauma.

Nimerudi.

Nilimkuta Bwana Mwakio uani akisugua matope kwenye viatu. Nikasimama. Akaniuliza nataka nini. Sauti ikanipotea kama siku ile, na nikajua nikigeuka sitarudi tena. Nikamnyoshea kurasa hizi. Hiyo alama ya tope hapo pembeni ni kidole chake. Alisoma polepole. Ile sehemu ya mtumbwi aliisoma mara mbili. Alipomaliza akanirudishia.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini karatasi si mdomo. Mwite Halima na wenzako, useme mbele yao."

Nikawaita. Walisimama mstari, Halima mwishoni, mfuko wake wa safari mkononi bado haujafungwa. Nikasema, "Ni mimi niliyerusha. Halima alinikataza." Ni maneno machache tu, Mama. Hakuna aliyecheka. Halima aliingia ndani na mfuko wake, akaanza kukunjua nguo zake. Hajanisemesha bado. Sijui kama atanisemesha kabla sijaondoka.

Kwa sababu ninayeondoka ni mimi. Amri haikulegezwa, nami sikuomba ilegezwe.

Hapa chini nilikuwa nimeacha nafasi ya salamu za Hawe, za shangazi Sidi anayeuza samaki kando yako, za mdogo wangu Karisa na vidonda vyake vya magoti. Sasa nitawasalimu mwenyewe. Barua hii naibeba mimi.

Nitatokea upande wa stendi, kabla jua halijawa kali. Usiniulize kitu mbele ya wateja. Huenda nikashindwa, nikakunyoshea karatasi hizi kama nilivyomnyoshea Bwana Mwakio. Najua haya utayasoma baadaye, lakini nakuomba hata hivyo, Mama, usizifungue upesi. Endelea kupanga ndizi zako, uningoje kidogo. Nataka kujaribu kwanza kwa mdomo.

Mwanao,
Kadzo