Ukiilaza, Funga Mafuta

Kwamndolwa, Korogwe
Jumapili asubuhi

Kwa Baba yangu,

Shikamoo Baba. Na Mama umfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana ukiendelea utasahau. Mgongo unakuachia sasa? Na mahindi ya kule bondeni, mvua imeyafikia au imeishia kwa jirani? Mimi mwili wangu ni mzima. Jana nilikupigia simu mara mbili. Ulipopokea nikasema nilitaka kuwasalimia tu. Siyo kweli. Nikisikia unakohoa kabla ya kusema "halo", nageuza maneno. Ndiyo maana naandika barua hii, nimpe kondakta wa basi la Handeni, uipate leo leo.

Baba, pikipiki imekufa. Na Bibi hajaenda mjini kusafishwa kidonda cha mguu tangu Jumatatu.

Siku ulipoiacha hapa ili niwe nampeleka Bibi, ulisimama mlangoni ukaniambia, "Mwanahamisi, ukiilaza, funga mafuta." Nikasema ndiyo Baba. Sikuuliza mafuta gani. Shuleni, kwa Kiingereza, ya kuchoma na ya kulainisha yana majina mawili, huwezi kuyachanganya. Kwetu yote ni mafuta. Niliona aibu kuuliza swali la kitoto mbele ya Bibi, nikachagua mwenyewe. Nikadhani unasema kile kifuniko cheusi ubavuni mwa injini, chenye kijiti cha kupimia oili. Kila jioni nikawa nakikaza mpaka vidole vinauma. Koki ya petroli chini ya tangi sikuigusa hata siku moja.

Kabla ya kukaza nilikuwa napima. Oili haikupungua. Wiki ya pili ikapanda juu ya mstari. Nilifurahi, Baba! Nikamwambia Bibi, "Pikipiki za wenzetu zinakula oili, ya kwetu inazaa." Akacheka, "Basi mke mwenzangu, tufungue duka."

Wiki ya tatu kijiti kikaanza kunuka petroli. Hapo sikufurahi tena, ila sikumwambia mtu. Nikajidanganya kwamba ni mikono yangu ndiyo inayonuka. Nilinusa siku tisa, nikanyamaza siku tisa.

Jumatatu tukiwa kwenye kile kilima cha kwenda mjini, injini ikaanza kugonga kama kokoto kwenye sufuria, ikatoa moshi, ikazima. Kiki ikagoma kushuka. Bibi akakaa juu ya jiwe, akaunyoosha mguu, akasema, "Mke mwenzangu, kumbe ulinileta kuota jua?" Gari dogo la mizigo lililokuwa linatoka mjini likamrudisha nyumbani. Mimi nikaisukuma pikipiki hadi Manundu, kwa Fundi Shabani.

Alichomoa kijiti, akanusa, akaniangalia.

"Uliongeza oili?"

"Hata tone."

"Sasa hii imeota?"

Akafungua nati ya chini. Ikamwagika nyepesi kama maji, nyingi kuliko ile iliyowekwa. Akachovya kidole, akanisogezea puani. "Nusa, mwanafunzi. Hii ni oili, au ni petroli iliyopakwa wanja?"

Nikasema labda ringi za pistoni zimechoka. Akatikisa kichwa. "Ringi zikichoka, oili inapungua. Hii imeongezeka. Petroli inaingia humo pikipiki ikiwa imelala."

Akaitoa kabureta, akaiacha ikiwa imeunganishwa na mpira wa tangi, akafungua koki. Petroli ilitakiwa ijaze kibakuli cha chini kisha isimame. Haikusimama. Ikafurika na kutokea upande ule unaoingia kwenye injini. Ndani kuna sindano ndogo inayoziba njia kibakuli kikijaa. Ncha yake ilikuwa imelika, ina alama kama kidole kilichovuliwa pete. Na ule mpira wa kumwagia ziada nje, nyigu walikuwa wameujengea udongo. Kwa hiyo petroli ilikuwa haina pa kwenda ila ndani, ikaiyeyusha oili, na vyuma vikasagana vikavu.

"Sindano imechoka yenyewe, siyo kosa lako," akasema. "Lakini koki ingefungwa, haya yasingefika hapa. Hukuambiwa uifunge?"

Nikasema, "Sikuambiwa."

Akawageukia wenzake. "Mnamwona baba huyo! Anampa binti pikipiki, koki hamwonyeshi!" Wakacheka. Nami nikainamisha kichwa nikawaacha wakucheke. Nisamehe, Baba. Nilikusingizia mbele za watu.

Sindano mpya imepatikana, ila beringi ya ndani imekwisha na silinda imechubuka. Injini iko chini, vipande vipande, na Fundi hasemi lini.

Bibi nimembembeleza apande bodaboda, hataki. Anasema hawezi kumkalia kijana wa watu mgongoni na mguu unaonuka. Namwosha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Amenikataza nisikuambie, eti utaacha shamba. Jana nilipofungua bandeji, nilikuta kidole cha pili cha mguu kimekuwa cheusi. Akaniuliza, "Kikoje?" Nikasema, "Kinapona."

Sijui kidole cheusi kinasubiri siku ngapi. Sina mtu wa kumuuliza, na hata ningekuwa naye sijui kama ningeuliza. Bibi anamkatalia kila mtu, ila wewe hakukatalii. Njoo, Baba.

Nisalimie Mama, na kaka Hamza mwambie vitabu vyake ninavyo. Shangazi Zaina, aliyenifundisha kuendesha, msalimie lakini haya usimsomee. Mdogo wangu Rehema mbusu.

Ukishuka stendi usipitie kwa Fundi. Chukua gari, njoo moja kwa moja kwa Bibi, na mimi nitakuwa nimeshamwambia ukweli kuhusu kidole.

Ni mimi mwanao,
Mwanahamisi