Ngoma ya Ndani Imetoka Nje

Jumamosi, 8 Oktoba 1983

Sitara kaja na goti limevimba kama fenesi. Nimemkanda kwa maji ya chumvi, nakanda huku natukana. Sakafu ya godauni lao la mazoezi kule Gerezani ni saruji tupu, na saruji ndiyo iliyomla goti. Mjukuu wangu huyu alirudi kutoka Urusi anaruka kama panzi! Bale. Alikuwa anacheza kwa ncha za vidole vya miguu, mimi namuuliza, mama, kisigino kimekukosea nini? Sasa haruki tena. Anatunga ngoma, wenzake wanacheza. Wamempa na ukurugenzi wa sanaa wa kikundi. Cheo hicho. Sabuni hana.

Leo bosi wao wa ofisi ya utamaduni, Bwana Kasmir, aliwatembelea. Akatazama wanavyojinyoosha, akasema hii ngoma ya kizungu, mwananchi haielewi. Jumamosi ijayo alasiri wanacheza Mnazi Mmoja mbele ya wakubwa. Wakileta kitu cha nyumbani, sawa. Wakileta tena vidole — kikundi kinafungwa. Na siku hizi mjini, asiye na kazi anazolewa na mgambo, anapelekwa shamba. Vijana wote wale!

Na Jumamosi hiyohiyo mwali wetu anatolewa. Tatu, binti wa Sitara, kitukuu changu. Yuko ndani kwangu tangu avunje ungo. Leo nimempaka liwa, anachekacheka tu. Anauliza makungwi watakuja na ngoma kubwa au ndogo. Kubwa, nimemwambia. Wataingia nayo mpaka uani, watakushika mkono, ndio uvuke mlango. Mimi mwenyewe kungwi, lakini mwenye mwali hamtoi mwali wake. Ndivyo tulivyokuta.

Jumatatu, 10 Oktoba

Afadhali ningebaki nyumbani.

Nimewapelekea mihogo ya kuchemsha godauni. Sijafika mlangoni nasikia ngoma. Nikasimama. Ngoma ile! Ya chumbani! Ya kumfunda mwali, mlango umefungwa, wanawake peke yetu! Na wapigaji ni wanaume. Nachungulia — Selina, yule mchezaji wao wa Songea, kapiga magoti katikati, mgongo unakwenda kama maji. Bwana Kasmir kakaa kwenye kiti, kakunja nne, anapiga makofi. Hii sasa ndiyo yetu, anasema. Hii!

Nikamvuta Sitara nje kwa sikio, mkurugenzi mzima. Umeitoa wapi? Kwako, bibi, chumbani kwako, uliponicheza unyago mimi. Eti nyimbo zote kaziondoa, neno hata moja hamna, kabakisha viungo tu. Alidhani siri iko kwenye maneno. Wewe! Maneno hata mpita njia anayasikia dirishani. Siri ni mgongo!

Akatoa macho. Hakujua. Wallahi hakujua. Alikuwa mbali mno, muda mrefu mno.

Na ilivyo nzuri, Mungu anisamehe. Msichana anapanda kutoka chini polepole, mikono ya Kirusi, kiuno cha kwetu. Nilitaka kumzaba kofi na kumbusu. Nikamwambia aiondoe. Akasema ndiyo, bibi.

Jumatano, 12 Oktoba

Asubuhi kaja Mwanamkuu, mkubwa wa makungwi wetu. Hata maji hakunywa. Shoga, umempeleka mjukuu Urusi, amerudi kutuvua nguo mbele ya wanaume! Nikamwambia tulia, anaiondoa. Akasema ikichezwa Jumamosi, hakuna kungwi atakayekanyaga kwangu. Si kwa mwali, si kwa msiba. Haichezwi, nikasema. Kwa mdomo huu!

Jioni Sitara kaja hana sura. Mgambo wamemkamata Selina Jangwani, kitambulisho cha kazi kakisahau nyumbani. Kasmir ndiye aliyekwenda kumtoa. Kisha akamwambia Sitara, unaona? Kikundi kikifa, nitamtoa kwa jina gani? Chezeni ile.

Nikamwambia Sitara, na mwanao? Nani atamtoa?

Akasema, bibi, ninyi mna makungwi. Hawa wana mimi tu.

Mama mzazi haingii kwa mwali, basi kaenda kukaa nje ya pazia, goti kalinyoosha. Nikamsikia anamuuliza Tatu kama amekula. Tatu anasema, mama, Jumamosi usichelewe.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimekwenda kwa Mwanamkuu. Nimempigia magoti, mimi na mvi zangu. Akasema mkatae Sitara mbele ya makungwi wote, sema si wako, tutakuja. Nikamwambia mjukuu simkatai, hata acheze uchi barabara ya Msimbazi!

Akasema, basi mwali wako mtoe mwenyewe.

Sijala leo.

Jumamosi, 15 Oktoba

Wali wa mchele wa foleni umeiva. Mkeka nimetandika uani tangu saa sita, labda Mwanamkuu atalainika. Saa nane, hakuna mtu. Saa tisa, kuku tu. Jirani kachungulia ukutani, akarudisha kichwa. Wameambiana mtaa mzima.

Sitara alipita asubuhi, midomo imekauka. Nikamwambia nenda kachezeshe watoto wako. Akasema, bibi, nisamehe. Nikamwambia nenda, utachelewa! Sikusema nimesamehe. Sijui kama nimesamehe.

Tatu hana habari. Nimemvika, nimempaka manukato, nimekaa naye humu chumbani. Namdanganya kuwa naandika majina ya wageni. Herufi zenyewe, nilizojifunza kisomo cha watu wazima, leo zinapanda juu ya mstari. Ananiuliza, bibi, mbona kimya? Nikasema wako njiani. Mtoto mzuri huyu. Akitoka bila kungwi, ataitwa mwali hadi azeeke. Asipotoka, nitamficha mpaka lini?

Ya Rabi. Ngoma!

Inatoka Mnazi Mmoja, upepo unaileta juu ya mabati. Ndiyo ileile. Ya mama yake. Wameanza.

Tatu karuka kitandani. Bibi, wamefika! Wamekuja na kubwa!

Nataka kumwambia si wao. Ameshajifunika kanga usoni, amesimama mlangoni, ananyoosha mkono ashikwe —